Silensa Imefungwa, Risasi Zimehama

Usiguse darubini kwanza. Toa karatasi ya shabaha uliyopiga leo, iweke mezani kando ya ile uliyopiga kabla ya kufunga silensa, uzitazame zote mbili. Matundu ya leo yamekaa pamoja ila yamehamia upande mwingine, au yametapakaa karatasi nzima? Hilo ndilo swali la mwanzo, na wengi wanaokuja kulalamika hawajajiuliza. Huanza kwa lawama: silensa mbovu, muuzaji tapeli, risasi za siku hizi si kama za zamani. Kisha huzungusha darubini, hupiga tatu, huzungusha tena, hupiga mbili, na boksi la risasi 20 humalizika kabla mtu hajajua alikuwa akitafuta nini.

Matundu yaliyokaa pamoja yakahamia mahali pengine si ugonjwa. Matundu yaliyotapakaa ni ugonjwa, na chanzo chake mara nyingi kiko sentimita chache tu kutoka pale ulipofungia silensa, au ndani ya mbao ya bunduki, au kwenye skrubu za darubini. Mambo haya mawili hayatibiwi kwa dawa moja.

Kabla ya kuendelea, neno kwa walioko nyumbani. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inahesabu kifaa kilichotengenezwa kupunguza sauti au mwako wa bunduki, yaani silensa, kuwa ni silaha chenyewe. Leseni ya raifo yako haikijumuishi. Kwa hivyo usikubali shemeji akuletee kimoja ndani ya begi kutoka Oslo, akapita nacho Uwanja wa Ndege wa Moi kwa kudhani ni kipande cha bomba tu. Anayetaka kujua anaruhusiwa nini na aiulize Bodi ya Leseni za Silaha kwa maandishi, kabla, si baada. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, kwa hiyo mwenye raifo halali huku pwani kwa kawaida ni mpiga shabaha wa klabu, kama wale wa Bamburi, au mtu wa ranchi huko bara.

Lakini nenda nyumba yoyote ya Kibokoni au Ndia Kuu, mitaa ya Mji wa Kale wa Mombasa, uliza watoto wako wapi. Mmoja yuko Maskati, mmoja Dubai, mwingine ameoa Norway na sasa anakwenda msituni na wakwe zake kila msimu wa swala wakubwa wa kule. Norway, Finland na New Zealand mwindaji mwenye silensa ni jambo la kawaida. Ghuba nako kuna vijana wetu wanaoshindana kwa raifo ndogo ya .22, ile wenyeji wanayoiita sakton. Hao ndio wanaopiga simu nyumbani kuuliza. Na hata kama hujawahi kuishika silensa, mengi ya hapa yatakufaa siku utakapobadilisha darubini, mbao, au aina ya risasi.

Sasa kwa nini risasi ihame? Mtutu unaonekana mgumu, lakini risasi inapopita ndani yake hutikisika na kupinda kidogo, juu, chini, kando, kwa kasi isiyoonekana kwa jicho. Risasi huondoka wakati mdomo wa mtutu umeelekea mahali fulani katika mtikisiko ule. Ukining'iniza gramu 300 au 500 za chuma kwenye ncha, umebadilisha mtikisiko wote. Ni kama mvuvi anayefunga chambo kizito zaidi kwenye ufito uleule. Ufito haujaharibika, ila haupindi tena kama jana. Mara nyingi matundu hushuka, pengine na kwenda kando kidogo. Mtutu mwembamba wa bunduki ya kuwindia huhama zaidi kuliko mtutu mnene wa mashindano.

Tuseme matundu yameshuka sentimita 4 kwenye mita 100. Darubini nyingi za kliki ya robo dakika (dakika ya pembe, si ya saa) husogeza tundu kama milimita 7 kwa kila kliki kwenye umbali huo, basi kliki 5 au 6 za kupanda zinatosha. Zile za kipimo cha mil husogeza sentimita 1 kwa kliki, basi 4 tu. Kwenye mita 50 kila kliki husogeza nusu ya hapo, jambo ambalo watu wa .22 husahau wakashangaa kwa nini darubini haitii. Andika hesabu hiyo kwa kalamu, ubandike ndani ya kifuniko cha sanduku la bunduki: na silensa, kliki kadhaa juu, bila silensa, rudi sifuri. Kazi imekwisha, mradi uhame uwe uleule kila mara.

Na hapo kwenye "kila mara" ndipo pa kukaa. Silensa inayohamisha risasi sentimita 4 leo, sentimita 2 kesho na 6 keshokutwa haina hesabu ya kuandika. Namna ya kuijua ni hii. Chukua risasi za boksi moja, za toleo moja. Weka bunduki juu ya mifuko ya mchanga, si juu ya goti. Piga 5 bila silensa, acha mtutu upoe mpaka uweze kuushika kwa kiganja bila kukunja uso. Funga silensa, piga 5 kwenye karatasi nyingine, poza. Kisha, na hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu huiruka, ifungue silensa kabisa, ipanguse, ifunge upya, na upige 5 tena kwenye karatasi ya tatu. Karatasi ya pili na ya tatu zikifanana, chombo chako ni kizima, zungusha darubini uende zako. Zikitofautiana, shida iko kwenye namna silensa inavyokaa juu ya mtutu, na hata ukinunua darubini ya thamani ya gari hutaiponya.

Matundu matatu hayatoshi kuhukumu. Matatu yanaweza kukaa pamoja kwa bahati, na kutawanyika kwa bahati. Najua risasi ni ghali, lakini ghali zaidi ni kufukuza kivuli kwa majuma.

Kinacholeta hitilafu mara nyingi ni thredi na bega. Silensa ya kuzungusha haitakiwi kushikwa na thredi peke yake. Thredi huivuta tu. Kinachoinyoosha ni bega, yaani ule ukingo bapa wa mtutu ambapo silensa hugota na kusimama. Fungua uone. Kama umepiga mara nyingi bila kusafisha utakuta pete ya masizi ya kijivu imejijenga pale begani, ngumu, imeshikilia upande mmoja kuliko mwingine. Unene wa karatasi tu unatosha kuipindisha silensa. Ikwaruze kwa kijiti cha mbao au kipande cha shaba, usitumie kisu. Pangusa thredi kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, funga tena kwa mkono mpaka igote. Ikiwa kati ya silensa na bega kuna ile washa laini ya kubonyea iliyokuja na breki ya mdomo, kile kifaa cha kupunguza mrusho wa bunduki, itoe. Washa ile ilibuniwa ikunjike, na kitu kinachokunjika hakikunjiki sawasawa pande zote. Chini ya breki haina neno. Chini ya silensa ni balaa.

Kisha chukua rangi ya kucha, nyekundu ni nzuri, umwombe mwenye nayo. Silensa ikishakazwa, chora mstari mmoja mwembamba unaovuka kutoka kwenye mtutu hadi kwenye silensa. Piga risasi 10, utazame mstari. Ukivunjika, nusu huku na nusu kule, silensa imejilegeza kwa joto na mtikisiko, na hapo hakuna haja ya kutafuta mchawi. Wengi huikaza asubuhi, wakasahau mpaka jioni. Kagua kila baada ya duru, na uvae glovu nene, maana silensa iliyopigwa risasi 20 za haraka humenya ngozi.

Hapa niseme jambo la hatari, na kwa hili sina mzaha. Ukiona alama yoyote ya risasi kwenye tundu la mbele la silensa, mkwaruzo unaong'aa, ukingo uliochimbika upande mmoja, acha kupiga hapohapo. Risasi inagusa visahani vya ndani ya silensa. Leo imegusa, kesho itapasua. Hali hiyo huja kwa silensa iliyokaa upogo, kwa thredi iliyochongwa bila kufuata kitovu cha mtutu, au kwa silensa isiyolingana na bunduki. Hili la mwisho hutokea kirahisi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu thredi moja huweza kutumika kwa kaliba zaidi ya moja. Ile ya nusu inchi yenye meno 28 iko kwenye raifo nyingi za .22 na pia kwenye za 5.56. Silensa ndogo ya .22 itaingia kwenye mtutu wa 5.56 kwa ulaini kabisa, na risasi ya kwanza inaweza kuipasua. Kufunga vizuri si ushahidi kwamba inafaa. Ukipata bunduki au silensa mpya, ondoa risasi zote, toa bolti, hakikisha chemba ni tupu, kisha fundi apitishe fimbo iliyonyooka ya kupimia kutoka nyuma mpaka itokeze mbele. Fimbo ikitokea katikati ya tundu, sawa. Ikiegemea ukingo, hupigi.

Tukishavuka hapo, tuingie kwenye mbao, yaani kile kiunzi kinachoushika mtutu, kiwe cha mti au cha plastiki. Mtutu wa raifo nyingi umekusudiwa kuelea, usiguse mbao ya mbele popote. Toa noti ya shilingi 50, ipitishe chini ya mtutu kutoka mbele, uivute kuelekea nyuma mpaka karibu na chemba. Ikikwama njiani, mtutu unagusa. Kisha fanya hivyo tena silensa ikiwa imefungwa na bunduki imesimama juu ya miguu yake miwili, kwa sababu uzito wa mbele na mkandamizo wa miguu huweza kuifanya mbao laini ya plastiki ipinde na kugusa pale ambapo mezani palikuwa wazi. Mtutu unaogusa hupiga vizuri risasi mbili za kwanza, halafu unapopata moto matundu huanza kutembea kwenda upande mmoja, moja baada ya jingine. Ukiona matundu yanatembea hivyo, kwa mpangilio, shuku mbao kabla ya kushuku silensa.

Kwa sisi wa pwani hili lina uzito wake. Mbao ya mti halisi hunywa unyevu wakati wa kusi na masika, ikavimba. Kaskazi ikija ikakauka, hupungua. Bunduki iliyosawazishwa Januari huenda Juni inagusa. Mwenye nyumba ya Mji wa Kale anajua milango yake inavyofanya mwezi wa tano, na mbao ya bunduki ni ndugu yake mlango. Kabla ya msimu wa mvua isuguliwe mafuta ya kitani sehemu zote, hata ndani ya mfereji wa mtutu ambako wengi hawapaki kwa kuwa hapaonekani.

Skrubu nitapita haraka: za chini zinazoshika bunduki na mbao, za pete za darubini, za kitako cha darubini. Zote zikazwe kwa spana yenye kipimo, kwa kiwango cha mtengenezaji. Ajabu ni kwamba mtu hufunga silensa siku ileile aliyoisafisha bunduki nzima, akailegeza na kuikaza upya, kisha kosa lote akalitwika silensa. Badilisha kitu kimoja kwa siku.

Risasi zenyewe ni kesi kubwa zaidi. Mtu akishanunua silensa hutaka kimya, basi hununua na risasi za polepole, zile zisizovuka mwendo wa sauti. Kisha hulalamika bunduki imeharibika. Risasi ya kawaida ya .308 hutoka kwa mita 800 hivi kwa sekunde. Ya polepole hutoka kwa 320 hivi. Kwenye mita 100 hiyo ya pili itaanguka chini sana, huenda isiguse hata karatasi. Silensa haina hatia hapo. Tena risasi hizo za polepole kwa kawaida ni nzito na ndefu, na mtutu ambao mitaro yake ya ndani huzunguka taratibu hushindwa kuzitulizia mwendo. Zinayumba. Utaiona kwenye karatasi: tundu badala ya kuwa duara linakuwa refu, kama lililopigwa ubavu. Ukiona tundu la namna hiyo, ondoa silensa upesi, kwa sababu risasi inayoyumba ndani yake itagonga visahani.

Na huo mwendo wa sauti haukai mahali pamoja. Hewa ya moto huupandisha. Bamburi kwenye nyuzi 30 sauti huenda kama mita 349 kwa sekunde. Msituni Norway kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, 322 hivi. Risasi ya .22 ya kawaida inayotoka kwa mita 325 hapa kwetu ni kimya kabisa, na kule inapasua hewa kwa mlio na kuyumba inaporudi chini ya mpaka ule. Kijana aliyezoea kupiga huku akienda kule atadhani silensa imekufa. Wa Maskati naye ana lake: risasi zilizoachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani mwezi wa Julai hutoka kwa kasi zaidi, na matundu hupanda. Ziweke kivulini.

Kuna na udanganyifu wa macho. Silensa iliyopata moto hufukiza joto mbele ya darubini, na shabaha huanza kucheza kama barabara ya Mariakani saa saba mchana. Unachokilenga sicho kilipo. Watu hutumia kifuniko cha kitambaa kinachostahimili moto. Dawa rahisi zaidi ni kusubiri. Lakini kifuniko kivuliwe mara tu unapomaliza, maana hushika joto na jasho.

Aliyeisajili silensa aliitwa Maxim, jina ambalo wazee wanalijua kwa sababu nyingine. Mwaka 1890 afisa Mwingereza Lugard aliondoka Mombasa kwenda Buganda na bunduki ya Maxim miongoni mwa mizigo yake, ile ya Hiram Maxim baba. Mwanawe, Hiram Percy, ndiye aliyeisajili silensa Marekani mwaka 1909, na ufundi huohuo ukaingia kwenye ekzosi za magari. Baba alizidisha kelele, mwana akapunguza. Akapunguza tu, lakini: sinema zimetudanganya. Raifo kubwa yenye silensa bado inaumiza masikio, hasa chini ya paa la uwanja wa shabaha, kwa hivyo vizibo vya masikio havivuliwi.

Mwisho kuna kutu, na hapa ndipo sisi wa kisiwani tunapopotea zaidi. Baruti ikiungua hutoa mvuke wa maji pamoja na masizi. Silensa huyazuia yote mawili ndani yake. Ukimaliza kupiga, ukaiacha imefungwa, ukaisimamisha bunduki pembeni mdomo ukiangalia juu, maji yale machafu hurudi taratibu ndani ya mtutu usiku kucha. Katika nchi kavu utapata doa. Kwa hewa yetu ya chumvi utapata kutu asubuhi, na itaanza pale mdomoni, kwenye ukingo ule wa mwisho unaoiaga risasi. Ukingo huo ukiliwa upande mmoja, gesi husukuma risasi kando, na matundu hutapakaa, uwe na silensa au usiwe nayo. Kwa hivyo ifungue ingali na uvuguvugu, isimamishe peke yake mahali penye upepo, pitisha kitambaa chenye mafuta ndani ya mtutu, na ulaze bunduki au uisimamishe mdomo chini.

Sefu nayo isiegemee ukuta. Nyumba zetu za matumbawe na chokaa hupumua, na zinapopumua hutoa chumvi. Tazama plasta inavyomeguka karibu na sakafu. Acha nafasi ya kiganja nyuma ya sefu, weka mifuko ya chembe za kukausha unyevu, na uibadilishe au uikaushe inapobadilika rangi. Usihifadhi bunduki ndani ya sanduku lenye sponji. Sponji hunywa unyevu ikaukumbatia mtutu.

Kwa wenye .22, risasi ya plumbi (ledi) huacha plumbi ndani ya silensa, na baada ya muda huongezeka uzito na kubana njia. Ifungue na kuisugua kama mtengenezaji anaruhusu. Ile dawa ya siki na peroksaidi inayosifiwa na baadhi ya watu usiiguse: huyeyusha plumbi ikawa sumu inayopita kwenye ngozi, na nyumbani kuna watoto.

Ikiwa umepita kote huku na matundu bado yametapakaa, nenda kwa fundi mwenye leseni, na usimpelekee silensa peke yake. Mpelekee bunduki, silensa, karatasi zako tatu zenye tarehe na aina ya risasi, na umwambie kama mstari wa rangi ya kucha ulivunjika. Mwombe apime kwanza kama thredi na mtutu vina kitovu kimoja, na kama bega limenyooka. Asianze kuchonga thredi mpya kabla ya kupima iliyopo, hata kama ana haraka ya kuifunga kazi kabla ya Ijumaa.